FM inapasua masikio, bluetooth haisikiki: sauti za redio ya gari zinapishana kila ukihama, tufanyeje?

safari_ndefu:
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kuhusu redio ya gari maana sasa imenichosha. FM nikiweka 12 inatosha gari zima, nikihamia bluetooth kwa 12 hiyo hiyo ni kama redio ya jirani, inabidi nipande mpaka 26 au 27 ndo wimbo uwe wimbo. Flashi iko katikati, 17 hivi. Aux, ile ya kuchomeka simu kwa waya, ndo usiseme, naimaliza yote na bado haijafika.

Sasa kupandisha sio tatizo, tatizo kurudi. Uko zako barabarani kwenye 27, simu inaachia bluetooth, redio inarudi yenyewe FM na ile 27 yake, unashtuka mpaka mikono inacheza kwenye usukani. Waliokaa nyuma ndo wanaumia zaidi maana spika ziko jirani na masikio yao. Mmoja kaniambia nibadilishe redio, mwingine kasema spika zimechoka. Zimechoka vipi wakati FM zinapiga safi? Nisaidieni kabla sijaingia gharama.

besi_nzito:
Hiyo ni nguvu ndogo tu mkuu. Kama una amplifaya nenda kwenye geini, kile kitufe cha kurekebisha sauti inayoingia, panda nayo mpaka bluetooth isikike, kama huna weka. Redio peke yake hazinaga nguvu.

kimya_kimya:
Na mimi nina ugonjwa huu huu, nakaa hapa nasubiri majibu.

nyaya_safi:
Mkuu besi_nzito hapo naomba nipingane na wewe kwa heshima zote. Amplifaya iko mwisho wa njia, kila kinachotoka kwenye redio lazima kipite kwake, iwe FM, flashi au bluetooth. Ukipandisha geini vyote vinapanda pamoja na tofauti kati yao inabaki pale pale. Bluetooth itasikika kwa 15 sawa, lakini FM sasa itakuwa haikaliki hata kwa 6, na ule mlio wa shhhh unapanda nao, na ukijisahau spika zinaanza kukwaruza. Umehamisha tatizo, hujalitoa.

safari_ndefu usinunue kitu kwanza. Hilo ulilosema la spika liko sahihi kabisa. FM ikipiga safi maana yake spika nzima, nyaya za spika nzima, na amplifaya iliyo ndani ya redio nzima, kwa sababu vyanzo vyote vinatumia hivyo hivyo. Kinachopishana ni ukubwa wa sauti inayoingia kabla haijafika kwenye kitufe cha kupandisha.

FM ndo yenye sauti kubwa kuliko zote na kuna sababu mbili. Kwanza tyuna, yaani kipokezi cha stesheni, iko ndani ya redio, aliyeitengeneza anajua inatoa kiasi gani, hakuna mtu wa kuipunguza njiani. Pili, stesheni hairushi wimbo kama ulivyotoka studio. Kabla ya kwenda hewani sauti inapita kwenye mtambo unaobana, penye sauti ndogo panapandishwa na penye kubwa panakandamizwa, kwa sababu mawimbi ya FM yanaruhusiwa kuyumba kilohezi 75 tu kila upande na kila stesheni inataka kuijaza nafasi hiyo muda wote ili msikilizaji akipita asiiache. Kwa hiyo hata mtangazaji akiongea polepole bado kwako anakuja amejaa.

Aux ndo kinyume chake. Pale redio inategemea simu iilishe, na tundu la hedifoni la simu lilitengenezwa kwa ajili ya masikio, likijitahidi sana linatoa nusu volti mpaka volti 1. Deki ya CD inatoa volti 2 kwa kawaida. Volti ikigawanyika kwa 2 umepoteza desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo nusu volti mbele ya volti 2 ni desibeli 12 zimeondoka. Sikio linachukulia desibeli 10 kama sauti imepungua nusu, hapo unaona mwenyewe kwa nini aux inaishia kuwa ya mwisho. Halafu ukiacha simu kwenye nusu ya sauti yake unakuwa umepunguza juu ya kupunguza.

Bluetooth ni hadithi ndefu kidogo kwa sababu ina vitufe viwili, cha simu na cha redio. Kwenye AVRCP, hiyo ndo lugha ambayo simu na redio zinatumia kupeana amri za muziki, tangu toleo la 1.4 kuna kitu wanakiita absolute volume, yaani simu inatuma namba kati ya 0 na 127 na redio inatii, ukigusa huku na kule kunacheza. Redio ikiwa haina hicho kitu, au inacho lakini haviivi na simu yako, vitufe vinabaki viwili na kila kimoja kinapunguza kivyake. Simu iko katikati, wewe unahangaika na redio tu mpaka 27. Hii nimeiona kwa watu wengi mno na huwa ndo ya kwanza kuangalia.

Kwa hiyo fanya hivi, na utaratibu una maana usiruke. Zima ikwalaiza zote, yaani marekebisho ya besi na sauti za juu, ya redio na ya kwenye simu, pamoja na vile vitu vya kuongeza besi. Weka FM stesheni unayosikiliza siku zote, sauti unayoipenda, tuseme hiyo 12. Usiiguse tena hiyo namba. Hamia bluetooth, cheza wimbo unaoujua vizuri, halafu pandisha sauti KWENYE SIMU mpaka karibu na mwisho. Aux hivyo hivyo, ila pale ukisikia inaanza kukwaruza shuka hatua moja au mbili. Hapo tayari tofauti kubwa itakuwa imekufa, kilichobaki unakimalizia kwenye menyu ya redio.

Na menyu hiyo ipo kwenye redio nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Pioneer nyingi inaitwa SLA au Source Level Adjustment, inakwenda kutoka -4 mpaka +4 na FM huikuti humo kwa sababu FM ndo kipimo cha wengine. Kenwood tafuta Volume Offset, JVC tafuta Volume Adjust. Lazima uwe umeshahamia kwenye chanzo unachotaka kukirekebisha ndo uingie kwenye menyu, ukiingia ukiwa FM hukioni na utadhani redio yako haina. Inaniuma sana hili, kitu kinachomhusu kila dereva wamekificha ndani ya kurasa tatu za menyu, na mtu anaishia kuuza redio nzima.

besi_nzito:
Sawa mkuu nimekupata. Ila mi bluetooth yangu tatizo sio sauti tu, haina besi kabisa. Flashi wimbo ule ule unatikisa. Hapo utaniambia ni sauti ndogo?

nyaya_safi:
Inawezekana sana ikawa hivyo hivyo mkuu. Sikio la binadamu likipewa sauti ndogo linapoteza besi kwanza, halafu na zile za juu kabisa, katikati ndo panabaki. Fletcher na Munson walilipima hili mwaka 1933 na ndo maana redio zina kitufe cha loudness, kazi yake ni kurudisha besi ukiwa umeshusha sauti. Kwa hiyo ukilinganisha bluetooth iliyo chini na flashi iliyo juu, flashi itashinda kila siku hata kama faili ni lile lile.

Yaani tofauti ikiwa ndogo hata ya desibeli 2 sikio halikwambii hii imezidi sauti, linakwambia hii ni nzuri zaidi, imejaa zaidi. Watu wanatukana bluetooth miaka yote kumbe hawajawahi kuisikia ikiwa sawa na flashi. Sisemi bluetooth haipotezi kitu, inabana sauti ili ipite hewani, ila ndani ya gari linalotembea, matairi yanalia na injini inalia, sehemu kubwa ya kile watu wanakiita ubovu wa bluetooth ni sauti kuwa chini tu. Sawazisha kwanza ndo uhukumu.

Cheki pia kama redio yako inatunza ikwalaiza tofauti kwa kila chanzo. Zipo zinazofanya hivyo. Unaweza kuwa ulipandisha besi ukiwa kwenye flashi na bluetooth ikabaki kwenye sifuri.

safari_ndefu:
Aisee. Nimetoka kwenye gari sasa hivi. Simu ilikuwa karibu na nusu kweli, na ile sauti ya simu nikiigusa namba ya redio haichezi, kwa hiyo ni vitufe viwili kama ulivyosema. Nimepandisha simu juu, bluetooth imekuja yenyewe mpaka 15 inatosha. Nimeingia kwenye menyu nikiwa bluetooth nimeikuta, nimeongeza 2, sasa nahama FM kwenda bluetooth namba haiguswi.

Flashi nimeongeza 3 naona nayo imekaa. Ila aux bado. Simu iko mwisho kabisa na sauti yenyewe ya ajabu, vyombo vinasikika kwa mbali lakini mwimbaji hayupo, kama amezama.

nyaya_safi:
Mwimbaji kuzama hiyo sio sauti ndogo tena, hiyo ni pini. Mwimbaji karibu siku zote anarekodiwa sawasawa kulia na kushoto. Pini ikikosa kugusa vizuri ile sehemu ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi, kulia na kushoto zinaanza kutoana, kilicho sawa pande zote kinafutika na kinabaki kile kinachotofautiana, vyombo vya pembeni na mwangwi. Ndo unachosikia.

Toa kava la simu halafu chomeka upya. Usicheke, kava nene linazuia pini isizame mpaka mwisho, inabaki nje kidogo sana hata jicho halioni, unatakiwa usikie ule mlio mdogo wa kuingia. Ikiwa bado, muziki ukiwa unacheza izungushe pini polepole ndani ya tundu, upande wa simu halafu upande wa redio. Ukisikia mwimbaji anaingia na kutoka umeshampata mgonjwa. Tundu la simu huwa linajaza nyuzi za mfukoni zinashindiliwa kule ndani kila unapochomeka, toa kwa kijiti cha mbao simu ikiwa imezimwa, usitumie sindano.

Pia angalia pini ina pete ngapi nyeusi. Pete 2 ni ya muziki tu, pete 3 ina na maiki. Kwenye matundu mengine ya redio hii ya pete 3 inakaa vibaya na kuleta hali hiyo hiyo, badilisha waya.

taa_nyekundu:
Naomba kudandia hapa hapa. Muziki wangu wa bluetooth uko vizuri ila simu ikipigwa namsikia mtu kwa shida sana. Tena nimepandisha redio mpaka 30 KABLA ya simu, simu ikiingia inarudi chini yenyewe.

nyaya_safi:
taa_nyekundu simu na muziki kwenye bluetooth zinapita njia mbili tofauti na kila njia ina sauti yake inayokumbukwa peke yake. Muziki unakuja stirio, simu inakuja mono na imebanwa zaidi. Kwa hiyo ukipandisha wakati wa muziki umepandisha ya muziki. Mwambie mtu akupigie gari likiwa limesimama, pokea, na WAKATI ANAONGEA pandisha ya redio na ya simu vyote viwili, halafu muache aendelee kidogo ndo mkate. Redio nyingi zitakumbuka. Sauti ya ramani inayokuelekeza njia iko hivyo hivyo, inarekebishwa wakati inaongea, ukisubiri imalize unakuwa unagusa muziki.

kimya_kimya:
Haya na mimi nije. Kwangu chanzo ni kimoja tu, flashi, ila nyimbo zenyewe zinapishana. Wimbo wa zamani haisikiki, unapandisha, unaokuja wa kisasa unakurusha kwenye kiti. Menyu ya SLA itanisaidia nini hapo?

nyaya_safi:
Haitakusaidia mkuu, ile inapandisha flashi nzima. Tatizo lako liko ndani ya mafaili. Kuanzia miaka ya 1990 studio zilianza kushindana nani atasikika zaidi, wimbo unabanwa mpaka hauna tena sehemu ya chini na ya juu, kila kitu kiko juu. Wimbo wa CD za miaka ya 1980 ulikuwa unaachiwa nafasi ya kupumua, kwa hiyo wastani wake uko chini sana ingawa kilele chake kinaweza kuwa sawa.

Kwa mafaili ya mp3 dawa yake ipo zamani, kuna utaratibu wa ReplayGain uliopendekezwa mwaka 2001, unapima kila wimbo sikio linausikiaje halafu unaandika uongezwe au upunguzwe kiasi gani. Shida ni kwamba redio nyingi za gari hazisomi hayo maandishi. Kwa gari tumia MP3Gain kwenye kompyuta, yenyewe inabadilisha namba ya sauti ndani ya faili bila kuufungua na kuubana upya wimbo, kwa hiyo ubora haupungui na ukitaka unairudisha ilivyokuwa. Inakwenda kwa hatua za desibeli 1.5 na kipimo chake cha kawaida ni desibeli 89. Usishawishike kuweka 98 ili flashi iwe na nguvu, utakata vilele na nyimbo zitakwaruza. Iache 89 na ile nguvu iongeze kwenye menyu ya redio. Na kama unasikiliza albamu nzima tumia upimaji wa albamu, sio wa wimbo mmoja mmoja, maana msanii alitaka ule wimbo wa polepole uwe chini ya mwenzake.

Wanaotumia Spotify, ndani ya mipangilio kuna kusawazisha sauti, ya kawaida inalenga -14 kwa kipimo cha LUFS, kinachopima wimbo unasikika kwa ukubwa gani, na ya juu inalenga -11. Iwashe. Hiyo namba ikiwa karibu na sifuri ndo sauti kubwa. Ila jua kwamba ukihama kwenda programu nyingine isiyosawazisha zitapishana tena ingawa zote ni bluetooth ya simu moja, usije ukailaumu redio.

besi_nzito:
Basi tumalizie na langu. Nina amplifaya ya sabufa na nyingine ya milango. Nikishasawazisha vyanzo vyote geini naiweka wapi?

nyaya_safi:
Hilo swali linakuja mwisho kweli, umelipanga vizuri. Geini sio kitufe cha sauti, kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na volti inayotoka redioni. Chukua chanzo chenye sauti kubwa kuliko vyote baada ya kusawazisha, ikwalaiza sifuri, peleka redio kama robo tatu ya mwisho wake, geini ikiwa chini kabisa, halafu ipandishe taratibu mpaka usikie inaanza kukwaruza, rudi nyuma kidogo na iache hapo. Ukiiweka kwa chanzo dhaifu, siku unahamia chenye nguvu spika ndo zinalipa.

Kama una mita na hutaki kubahatisha kwa masikio, tafuta faili la mlio wa hezi 50 au 60, liweke lile lile kwenye flashi na kwenye simu. Mita iwe kwenye volti za AC, ncha moja kwenye waya chanya wa spika na nyingine kwenye hasi ya spika hiyo hiyo, usiguse bodi ya gari kwa sababu redio nyingi hasi ya spika sio ethi na utaiunguza. Redio kwenye namba moja, ya chini tu, soma flashi, hama soma bluetooth. Zikisomana karibu karibu umemaliza, volti ikitofautiana mara mbili ni zile desibeli 6. Nasema hezi 50 kwa sababu mita nyingi za kawaida zinasema kweli huko chini, ukizipa mlio wa hezi 1000 nyingine zinadanganya. FM huwezi kuipima hivi, hiyo inabaki ya masikio.

safari_ndefu:
Kava. Nimetoa kava mwimbaji karudi. Na pale menyuni nimempa aux +4, sasa ni 14 dhidi ya 12 ya FM, nitaishi nayo. Ila nikichaji simu kwa gari wakati niko aux kuna mlio mwembamba unapanda na kushuka nikikanyaga mafuta, zamani sikuusikia.

nyaya_safi:
Ulikuwepo, ulikuwa umefunikwa na aux yenyewe kuwa chini. Simu inapata ethi kwa njia mbili, kupitia chaja na kupitia waya wa aux, na kelele ya alteneta inapita katikati yake. Jaribu kuchomoa chaja, ukipotea ndo huo. Kinauzwa kidude cha kutenganisha ethi kinachomekwa kwenye waya wa aux, kinaumaliza, ila vile vidogo sana vinakula besi kwa hiyo sikiliza kabla hujakiacha. Au ukiwa unachaji tumia bluetooth, ambayo kwako sasa iko sawa.

taa_nyekundu:
Simu zimekuja juu wakuu, nilipandisha wakati mtu anaongea kama ulivyosema. Swali la mwisho, mke wangu ana simu yake, nayo tunaiunga gari hilo hilo. Nirudie yote?

nyaya_safi:
Ya menyu ya redio huirudii, ile ni ya bluetooth nzima. Unaangalia upande wa simu tu. Yake ikiwa Android na sauti inaruka ovyo au haifiki juu, ingia kwenye mipangilio ya wasanidi (Developer options), kuna sehemu ya kuzima absolute volume, izime, zima bluetooth uwashe, halafu ipandishe simu mpaka karibu na mwisho. Ikiwa iPhone hakuna kitufe hicho, ila kwenye bluetooth bonyeza jina la redio utaona aina ya kifaa, chagua redio ya gari. Isipochaguliwa simu inaweza kudhani ni hedifoni na kuishusha sauti kwa ajili ya kulinda masikio.